Kitanda cha Msimamizi wa Daraja

Kama huna muda wa kukaa, usiniulize habari za ile nyumba. Kila wiki wanateremka wageni pale mbele ya kibao, wanapiga picha, kisha wanavuka barabara kuja barazani kwangu kuuliza choo kiko wapi. Nawaonyesha choo. Hawaulizi kingine. Wangeuliza, ningewaambia kwamba mle hakulala msimamizi wa daraja lolote. Mle alikuwa akiishi Shangazi, na huyo Shangazi yuko hapa hapa nyuma ya cherehani yangu, chumba cha uani, analala kwenye godoro la sponji lililotandikwa chini.

Mtaa mzima tunamwita Shangazi, hata wale wanaomzidi umri. Hakuolewa wala hakuzaa. Mrefu, mkavu, na mdomo anao. Ukimkanyaga mguu mmoja, yeye atakukanyaga yote miwili kisha akuulize kama umeumia. Alimuuguza baba yake mpaka akamzika. Akamuuguza mama yake, aliyepooza upande mmoja, akamgeuza, akamwosha, akamlisha uji kwa kijiko, miaka yote ambayo sisi wenzake tulikuwa tunaolewa, tunaachika, tunaolewa tena. Alikuwa na mdogo wake wa kiume mjini. Huyo alikuja kwenye misiba tu. Anakuja na miwani nyeusi, analia kwa sauti kuliko wote, anakula, anaondoka.

Mama alipozikwa, mdogo mtu hakuondoka. Alibaki akiizunguka nyumba, akipigapiga kuta kwa kiganja kama mnunuzi wa tikiti maji. Ni nyumba ya mawe na chokaa, ya babu yao aliyekuwa akifanya biashara ya ngozi, kuta zake nene hata mtoto anaweza kulala juu ya kizingiti cha dirisha asianguke.

"Dada," akasema, na mimi nipo nasikia, "hapa zitasimama ghorofa nne. Vyumba vya kupangisha. Wewe utapewa kimoja cha chini, usisumbuke na ngazi."

"Kimoja?" Shangazi akamuuliza. "Nyumba niliyowazikia wazazi wako wote wawili, unanipa kimoja?"

"Mimi ndiye mtoto wa kiume, dada. Usinivunjie heshima mbele za watu."

Toka siku hiyo tukambatiza jina la Bwana Ghorofa. Yeye alifurahi, akadhani tunamsifu.

Sasa, chini ya mtaa wetu kuna daraja la mawe lenye matao matatu. La zamani sana, hakuna anayejua lilijengwa lini. Malori yalikuwa yakipita hapo yakilikwaruza ubavuni, na mkandarasi alishaleta matingatinga kulivunja ili apanue barabara. Mara wakaja watu wa Mambo ya Kale, wakapima, wakagonga kibao: urithi wa wilaya, ni marufuku kuvunja, kuchora wala kubadili. Siku iliyofuata matingatinga yakageuza. Shangazi alikuwa amekaa hapa barazani ananitolea uzi kwenye pindo.

"Umeona?" akaniambia. "Kibao kidogo hivyo, ukubwa wa sinia, kimerudisha tingatinga."

Nikamtazama usoni nikajua tayari, mwanamke huyu ameshapata la kufanya. Na kweli, keshoye alimwita Afisa wa Mambo ya Kale kunywa chai, na mimi akanivuta niende, eti asionekane peke yake na mwanamume. Katika umri ule! Nikaenda, maana umbea nao ni kazi.

Afisa alikuwa kijana mpole, mwenye kalamu mbili mfukoni na macho ya mtu anayependa kuamini. Akauliza nyumba ni ya nani. Shangazi akatua kikombe taratibu.

"Ya babu yangu. Ila kabla ya babu, mwanangu, humu alilala yule msimamizi aliyejenga daraja lenu."

Chai ikanipalia. Msimamizi gani tena? Mimi nimezaliwa mtaa huu, sijapata kusikia msimamizi, wala kivuli chake.

Lakini Afisa alishasimama. Akaanza kuzunguka, akigusa vitu kwa ncha ya kidole. Na hiki kiti? Cha msimamizi. Kiti kile tulikinunua naye sokoni, nikambebea kichwani mimi mwenyewe. Na mtungi huu? Wa msimamizi. Na kioo? Msimamizi alikuwa akinyolea ndevu hapo. Nikamkanyaga mguu chini ya meza, naye akanikanyaga kwa nguvu zaidi. Kumbe uongo una utamu wake, ukishaanza kuramba huachi.

Wakafika chumbani kwake. Pale penye pembe kulikuwa na kitanda cha mbao nyekundu, kizito, matendegu yake manne yamechongwa vizuri kabisa, na kichwani pamechongwa ndege wawili wanaoangaliana.

"Na kitanda hiki, bibi?"

Hapo Shangazi akanitazama mimi, nami nikatazama ukuta.

Kitanda kile alikitengeneza Seremala, yule wa karakana ya njia panda, ambaye mpaka leo yu hai na anakohoa vumbi la mbao. Walikuwa wamechumbiana. Mama alipopooza, Shangazi alimwambia mchumba wake, mimi siwezi kumwacha mama, wewe hamia kwetu. Naye akakubali, mapenzi bwana. Akatengeneza kitanda cha kulalia wao wawili. Sakafu ya chumba kile imeinama upande wa dirishani, basi Seremala alikuja akapiga magoti asubuhi nzima, akipima sakafu kwa kamba na kwa jicho, akakata tendegu moja fupi kuliko mengine ili kitanda kikae sawasawa. Shangazi alikuwa akisimama mlangoni anamtazama. Mimi nilikuwa nimeleta nguo ya harusi kumpima, nikawakuta hivyo, na sijasahau. Kitanda kikaletwa kikawekwa. Kisha wanaume wenzake wakaanza kumcheka Seremala: hee, siku hizi wanaume wanaolewa? Utapewa mahari kiasi gani? Hakustahimili. Akaoa kwingine kabla hata vumbi la msasa halijafutika mikononi. Kitanda hakukifuata, naye Shangazi hakukirudisha. Alikilalia toka siku hiyo, upande mmoja, mwingine akiuacha wazi.

"Bibi?" Afisa akauliza tena.

"Cha msimamizi," akasema Shangazi.

Basi, kibao kikagongwa. Bwana Ghorofa alikuja na fundi wake na nyundo, akamkuta dada yake amekaa kizingitini anajipepea.

"Gonga," akamwambia. "Gonga jiwe moja tu, mdogo wangu, nikuone ukilala mahabusu na hiyo miwani yako."

Bwana Ghorofa akasoma kibao, akakisoma tena, akaondoka bila kuaga. Shangazi alicheka mpaka akashika mbavu. Mtaa mzima tulicheka. Nami nilicheka, sitaki kujifanya.

Wahenga walisema, mchimba kisima huingia mwenyewe. Mvua za mwaka ule zilitoboa paa. Shangazi akapanda na fundi kuweka bati. Afisa akaja, akashika kichwa: bibi, bati! Kwenye nyumba ya msimamizi! Likang'olewa. Paa sharti lirudishwe kwa mbao na chokaa kama za awali, na hizo zisubiriwe. Zikasubiriwa. Shangazi akawa analala na sufuria kifuani ya kukingia matone. Akaambiwa asipike ndani, moshi unaharibu boriti. Akahamia uani, mwavuli mkono mmoja na mwiko mkono mwingine. Akaambiwa asianike nguo dirishani, asigonge msumari, asimwage maji ya kuoshea vyombo karibu na ukuta.

"Kwani mimi nimekuwa mchwa?" alinilalamikia. "Kila nikigeuka naharibu."

"Si ulitaka kibao?" nikamjibu. Nilikuwa na hasira naye siku hiyo, alikuwa amekopa pasi yangu akairudisha imeungua.

Kisha ukuta wa nyuma ukapasuka. Afisa akaja na wataalamu wenye kofia ngumu, wakaangalia juu, wakaangalia chini, wakasema nyumba haifai kuishi mtu mpaka itakapotengenezwa. Na ikishatengenezwa, haitafaa kuishi mtu, maana itakuwa ya kutazamwa. Ruhusa wakaiomba kwa mtoto wa kiume. Bwana Ghorofa, ambaye ghorofa zake zilikuwa zimemtoka mkononi, aliona heri nusu shari. Akakubali palepale, na kwa kukubali kwake akafanywa mwenyekiti wa kamati ya kuitunza nyumba. Ndiyo, yeye! Aliyekuja na nyundo.

Siku ya kumtoa, Shangazi alifunga nguo zake kwenye shuka. Akachukua sufuria, akachukua picha ya mama yake. Kisha akawaambia vijana wabebe kitanda.

"Kitanda hakitoki, bibi," Afisa akasema kwa upole wake uleule. "Ni mali ya urithi. Umesema mwenyewe ni cha msimamizi."

"Nilalie nini?"

"Godoro unaweza kuchukua."

Godoro lilikuwa limeoza kwa mvua. Ndiyo maana leo analala kwenye sponji yangu.

Nyumba ikatengenezwa. Ikapakwa chokaa ikawa nyeupe, inaumiza macho. Siku ya kuifungua kulikuwa na utepe, viti vya kukodi na kipaza sauti kinachopiga kelele. Bwana Ghorofa alisimama akaeleza jinsi familia yake ilivyoipigania nyumba hii kufa na kupona. Akalia pia. Kulia anajua yule. Shangazi alivaa gauni nililomshonea, akaenda. Mlangoni binti wa tiketi akamzuia. Wakabishana hadi Afisa akageuka.

"Mwacheni apite," akasema. "Ni jirani."

Aliingia, nami nyuma yake. Kile kitanda walikuwa wamekitoa chumbani wakakiweka ukumbini, kionekane vizuri, na kukizungushia kamba. Sakafu ya ukumbini imenyooka, kwa hiyo tendegu fupi lilining'inia, wakalikingia kabari. Kijana wa kutembeza wageni alikuwa akieleza kwamba msimamizi alikuwa kiguru, ndiyo sababu ya tendegu lile, alitaka kushuka kwa urahisi. Watu wakasema aaah. Shangazi akavuka kamba, akakaa kitandani, upande wake uleule. Mlinzi akamshika mkono akamnyanyua.

"Bibi, kusoma hujui? Usiguse!"

Mtu mmoja akacheka. Kisha wakacheka wengi.

Hapo ndipo alipoamua kusema kweli. Nyumba waiweke, aliniambia, nimeshaisamehe, lakini kitanda changu nakitaka kabla sijafa. Akamfuata Afisa ofisini, nikamsindikiza. Akasema yote: hakuna msimamizi, nilidanganya, kiti ni cha sokoni, mtungi ni wa sokoni, na kitanda nilitengenezewa mimi.

Afisa alisikiliza mpaka mwisho. Nilimwona jinsi alivyokuwa anakonda uso. Msimamizi yule ndiye aliyempandisha cheo.

"Bibi," akasema, "wataalamu wamekikagua, wamesema ni kazi ya kale. Ushahidi unao?"

"Huyu hapa alikuwepo."

"Huyu ndiye mwenye chumba unacholala," Afisa akasema, bila hata kunitazama. "Mwingine?"

"Aliyekitengeneza yu hai. Twende sasa hivi tukamuulize."

Tukaenda, sisi watatu, mpaka karakana ya njia panda. Njiani Shangazi alikuwa akitembea mbele yetu kama msichana, akitengeneza ushungi wake. Sikuwa nimemwona akiutengeneza ushungi siku nyingi.

Karakana ilikuwa imepanuka. Mlangoni palining'inizwa ubao wenye picha ya kitanda: vitanda vya msimamizi vinapatikana hapa. Ndani vilikuwa vimepangwa safu, vimepakwa rangi nyekundu, kila kimoja na ndege wawili kichwani, na kila kimoja na tendegu moja fupi na kabari yake ya bure. Wageni wakitoka kule nyumbani wanakuja kununua hapa. Seremala alikuwa ameshika randa. Mkewe alikuwa ameketi juu ya gogo anapiga msasa.

"Karibuni," akasema Seremala. Alipomwona Shangazi, randa ilisimama juu ya ubao.

Afisa akamweleza: bibi anadai kile kitanda cha kule umekitengeneza wewe, ujanani. Ni kweli?

Mkewe aliacha msasa, akainua kichwa. Nje kulikuwa na wateja wawili wanachagua.

"Mimi?" akasema Seremala. Akakohoa. "Kitanda kile ni cha enzi, bwana. Mimi naiga tu."

Shangazi hakupiga kelele. Yule mwenye mdomo wote ule! Aliinama, akashika tendegu fupi la kitanda kilichokuwa karibu.

"Hili mbona fupi?"

"Ndivyo kilivyo cha msimamizi."

"Na cha msimamizi mbona kiko hivyo?"

Seremala alitazama mikono yake. "Sakafu za zamani hazikuwa sawa."

"Sakafu ya nani?"

Tulisubiri. Hata wale wateja walisubiri, ingawa hawakujua wanasubiri nini. Mkewe alikuwa anamtazama bila kupepesa.

"Ya msimamizi," akasema Seremala.

Afisa alimshukuru, akampa mkono, akatuambia ana kazi nyingi ofisini. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amefurahi tu kwamba msimamizi wake amepona. Mimi nilimtukana Seremala tusi ambalo siwezi kulirudia mbele ya watu wenye heshima zao, nikamshika Shangazi mkono tukarudi. Tulipofika alikwenda moja kwa moja chumbani, akalala chini ameukabili ukuta.

Baadaye aliniambia kitu kimoja tu. Nilikuwa nimempelekea uji.

"Ningeweza kumwambia mtu yeyote kwamba sijapata kutakiwa na mwanamume, na asingenibishia," akasema. "Lakini kila nikilala nilikuwa najua si kweli. Kuna mtu alipiga magoti akapima sakafu yangu. Sasa nitalala najua nini?"

Nikamwambia uji unapoa.

Haukupita muda, asubuhi moja nafungua duka, namwona Seremala anasukuma mkokoteni. Peke yake. Juu yake kitanda kipya, mbao nyekundu ya kweli, ndege wawili, na matendegu yote manne marefu, hayajakatwa bado. Alikuwa amezeeka ghafla, au pengine mimi ndiye sikuwa nimemtazama vizuri. Nikataka kumfukuza na mkasi. Kisha nikasema acha, huenda mwenzangu akapata chake, nikampisha apite uani.

Aliacha kitanda nje, akavua viatu, akaingia chumbani. Shangazi alikuwa ameketi kwenye godoro. Seremala hakumsalimu. Alipiga magoti, kwa shida, goti moja kisha jingine, akatoa kamba na penseli, akaanza kupima sakafu yangu ya saruji iliyonyooka ambayo haina haja ya kupimwa. Akapima pembe hii, akasogea, akapima ile. Machozi yalikuwa yanamdondoka juu ya kamba. Mimi nilisimama mlangoni, nikawaza, haya, mama, mpokee, uzee huu wa nini tena.

"Nimekuja kukukatia tendegu," akasema hatimaye, bila kuinua uso.

Shangazi alimtazama. Uso wake haukuwa na hasira, na hilo ndilo lililonitisha.

"Fundi," akamwambia, kwa adabu kabisa, sauti ile tunayowapa wapita njia, "nadhani umekosea nyumba. Mimi sijapata kutengenezewa kitanda na mtu."

Seremala alibaki amepiga magoti. Shangazi alikwishageukia ukuta, akajifunika shuka. Ilibidi mimi nimshike yule mzee kwapani nimnyanyue, maana mwenyewe alishindwa, nikamvalisha na viatu. Alisahau mkokoteni wake, nikamkimbilia nao barabarani.

Kitanda hakukichukua. Kipo uani mpaka sasa, mvua inakipiga na jua linakipasua, na kuku wangu wamekizoea, wanalala juu yake.